Jozi Mbili za Barabara ya Kisesa

Siku niliyoripoti kazini, mtu wa kwanza kunipokea alinikataza kugusa kitu. Alikuwa Msimamizi wa Mitambo, mzee mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa uzi sikioni, na nilimkuta chumba cha chini cha jengo letu la simu katikati ya mji wa Mwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa chuma uliojaa nyaya kutoka sakafuni hadi darini. Ukuta ule tuliuita fremu. Kila waya uliotoka mjini, ukipitia chini ya barabara, uliishia pale kabla ya kwenda kwenye mitambo.

"Unaziona kofia nyekundu?" aliniuliza. Hapa na pale, juu ya viunganishi, kulikuwa na vifuniko vidogo vya plastiki, vyekundu.

"Naziona, mzee."

"Penye kofia nyekundu hapaguswi. Ukichomoa waya wa simu ya mtu atakuja hapa, atatukana, ataondoka. Ukichomoa wa kofia nyekundu, benki imesimama. Watu wamepanga foleni mpaka nje juani, hawapati hela zao, na wala hawakujui."

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, msichana wa Ukerewe, nikitegemea kukaa chumba chenye kiyoyozi. Mzee alinitazama miguuni. "Hivyo viatu vya kanisani kesho uviache nyumbani," alisema. "Kesho unaingia shimoni na Malimi."

Nieleze kofia nyekundu zilikuwa nini, maana vijana wengi wa leo hawajapata kuziona. Simu ya kawaida ilikuwa kama barabara ya wote. Ukipiga, mtambo unakutafutia njia. Ukimaliza, njia anapewa mwingine. Lakini benki, kiwanda au uwanja wa ndege hawawezi kusubiri kutafutiwa njia kila mara. Hao tuliwapa laini maalumu ya kukodi, yaani njia yao peke yao, inayotoka mlangoni kwao hadi makao makuu yao, mchana na usiku, hata kama hakuna kinachopita. Mara nyingi ilikuwa jozi mbili za waya, jozi moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kila mwisho tuliweka modemu, kisanduku kinachogeuza namba za kompyuta kuwa mawimbi yanayoweza kusafiri kwenye waya. Kwa hesabu za leo mwendo wake ni wa kusikitisha. Picha moja mnayotumiana kwenye simu ingeijaza laini ile kwa muda mrefu. Lakini ilikuwa ya mtu mmoja, na haikukatika ovyo. Mteja hakulipia mwendo. Alilipia uhakika.

Fundi Malimi alikuwa Msukuma wa Misungwi, mrefu, mabega yameinama kwa kuchutama mashimoni. Kazi yake ilikuwa kuunga kebo. Kebo moja nene kama mkono wa mtoto ina mamia ya nyaya nyembamba za shaba nyekundu, ambayo sisi mafundi tuliiita kopa. Ikikatwa na greda la barabara, au ikiingiwa na maji, lazima kila waya ukutanishwe na mwenzake kwa rangi yake, usokotwe, uvikwe mrija, kisha vyote vifunikwe kwa ganda linalosinyaa ukilipasha moto wa gesi. Kazi hiyo huifanyi umesimama. Unaifanya umekaa kwenye tope, shingo imepinda, jasho linaingia machoni, na huna ruhusa ya kukosea rangi.

Malimi alitumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo alisokota waya kuelekea kushoto, wakati sisi wote tulifundishwa kuelekea kulia. Msimamizi alikuwa amemkemea hadi akachoka. Fundi mwingine akifungua maungio ya Malimi alijua papo hapo ni ya nani, na alijua pia kwamba hatakuta tatizo hapo, akatafute mbele.

"Dada Perpetua," aliniambia wiki ile ya kwanza, tukiwa ndani ya shimo karibu na soko, "maji hayana haraka. Ukiacha tundu la sindano tu, yatakaa hapo nje yanasubiri. Mvua hii yatakosa, ile yatakosa. Ipo mvua yao."

Nilijifunza kwake kuunga, na kwa Msimamizi nilijifunza kupima. Kupima ndiko kulikonipeleka mbele. Unatuma mawimbi kutoka fremuni, fundi aliye upande wa mteja anayageuza yarudi, nawe unahesabu kama yamerudi mazima au yamechubuka njiani. Ikiwa yanarudi yote, laini ni nzima. Ikiwa yanarudi pungufu, kuna mahali maji yameingia, au panya amekula, au mtu ameunga kwa haraka awahi nyumbani. Msimamizi alikuwa akinisimamia begani. "Usiniambie inafanya kazi," alikuwa akisema. "Mgonjwa naye anatembea. Niambie kama ni nzima."

Laini niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya barabara ya Kisesa. Ilitoka mjini, ikafuata barabara kuelekea Magu, ikaishia kituo cha biashara cha Kisesa, kulikokuwa na tawi dogo la benki na, kando yake, ginneri, kiwanda cha kuchambua pamba. Malimi ndiye aliyeunga kebo hiyo yote, kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho, na mimi nilikuwa naye kwa sehemu kubwa. Siku tuliyoiwasha, meneja wa tawi alitoka nje akawatangazia wakulima waliokuwa wamekaa chini na magunia yao kwamba kuanzia siku hiyo hawatapanda tena gari kwenda mjini kufuata malipo ya pamba. Bibi mmoja alimshika Malimi mkono, akamsalimia kwa Kisukuma, akamwita baba. Malimi hakujua afanye nini na mkono wake uliojaa grisi.

Baada ya hapo nilihamishwa. Nilikaa Musoma chini ya Mhandisi Mkuu aliyependa kupiga kelele kuliko kupima, kisha Sengerema, nikihudumia laini za upande wa pili wa maji. Siku hizi mnapita darajani Busisi hata chai kwenye chupa haijapoa. Sisi tulisubiri kivuko, na modemu ya akiba nilikuwa nimeipakata kama mtoto mchanga, maana ukiiweka chini mtu atakalia. Nilipata mtoto wangu, Bahati, nikiwa Sengerema. Mume wangu nilimzika huko huko. Niliporudi Mwanza nilikuta Msimamizi wa Mitambo amestaafu na kiti chake nimepewa mimi, Msimamizi wa Laini za Data.

Nilikipata kiti kikiwa kimeanza kupoa. Mkonga ulikuwa umeingia mjini, waya wa kioo mwembamba kama unywele unaobeba mawasiliano ya mji mzima kwa mwanga. Minara nayo ilikuwa imeota kila kilima. Benki kubwa zilihamia kwenye mkonga, viwanda vya samaki vikahamia, uwanja wa ndege ukahama. Kila mwezi nilivua kofia nyekundu kadhaa kwenye fremu na kuzitia kwenye kopo. Hakuna aliyenikataza kugusa tena.

Ndipo ukaja upunguzaji wa wafanyakazi. Meneja wa Kanda alituita kwenye ukumbi wa mikutano, akamwita mmoja mmoja mbele. Hakuwa mtu mbaya. Malimi alipoitwa, alisimama na kofia yake mkononi.

"Mzee Malimi, kampuni inakushukuru sana kwa utumishi wako," Meneja alisema.

"Nashukuru. Kebo nani atazishika?"

"Kebo hatutazihitaji tena, mzee."

"Ile ya Kisesa ina watu. Benki ile bado ipo humo."

"Ni mteja mmoja, mzee. Na yeye atahama."

"Hajahama," Malimi alisema.

Meneja alitazama chini. Kisha akaita jina lililofuata. Malimi alikaa. Alasiri nilimkuta stoo akirudisha vifaa. Vilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo ilibidi avirudishe, hata koleo ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa mkono wake wa kushoto, haimfai mtu mwingine yeyote. Alikuwa anavisafisha kimoja kimoja kwa mafuta ya taa. Nilimuuliza habari za mke wake, Mama Kabula, aliyekuwa anaugua sukari.

"Mguu mmoja unamsumbua," alisema. "Wanazungumzia kuukata."

Alikwenda Misungwi kulima. Mwaka ule mvua ilikuja mapema, ikakata katikati.

Muda si mrefu wizi wa kopa ulianza. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita kila kijiji, na kebo zetu zilikuwa zimelala mtaroni bila mtu wa kuzitembelea. Wezi walifukua, wakakata kwa msumeno, wakafunga kamba kwenye gari na kuvuta. Mara mbili tawi la benki lilikaa siku kadhaa bila mawasiliano, katikati ya msimu wa pamba, na wakulima walilala nje ya mlango. Mara zote mbili nililazimika kuomba fundi wa kuunga kutoka kanda nyingine, na mara zote mbili Meneja wa Kanda aliniambia hiyo iwe ya mwisho.

Asubuhi ya wizi wa tatu ilikuwa tofauti. Nilifika ofisini, nikasoma kumbukumbu za mtambo, nikaona kwamba laini ya Kisesa ilikuwa imetetereka kidogo kabla ya mapambazuko, kama mtu aliyejikwaa, kisha ikaendelea. Nilipiga simu benki. Walikuwa wanafanya kazi kama kawaida. Nikaipima: mawimbi yalirudi mazima. Lakini sikuridhika, maana laini ile nilikuwa naijua. Nilimchukua dereva, tukaenda.

Tulikuta watu wamekusanyika kando ya barabara, kabla ya kufika Kisesa. Mtaro ulikuwa wazi kwa urefu wa uwanja wa mpira. Kebo haikuwepo. Ilikuwa imevutwa yote, imebaki michirizi ya udongo mbichi. Na bado benki ilikuwa inafanya kazi. Nilishuka mtaroni nikafuata ukingo wake, nikaiona: jozi mbili za waya mwembamba, ule wa kuning'iniza kutoka nguzoni hadi nyumbani, zimelazwa kwenye majani kutoka mwisho mmoja wa kebo iliyokatwa hadi mwisho mwingine. Mtu alikuwa amefungua ganda pande zote mbili, akachagua katika mamia ya nyaya zile nne tu zilizokuwa hai, akaziwekea njia ya pembeni, ndipo akakata. Maungio alikuwa ameyafunga kwa utepe na kuyainua juu ya kijiti yasiguse maji.

Niliufungua utepe. Waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto.

Nilikaa pale chini muda, mpaka dereva akaniuliza kama najisikia vibaya.

Ofisa Usalama wetu alifika na askari. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka. "Mama, huyu ni mtaalamu," alisema. "Na mtaalamu hawezi kuchimba hapa bila mlinzi wa ginneri kumwona. Ginneri si hiyo hapo?" Mlinzi alikuwa mzee Ramadhani, mtu wa Mwanza mjini, wa ukoo wa washona viatu tangu enzi za baba yake. Walimkuta anaswali. Walimsubiri amalize, wakamtia pingu. Alinitazama mimi, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa ananipikia chai tukija kupima, akasema, "Mama Bahati, waambie. Wewe unanijua."

Nilisema, "Ofisa, sidhani kama ni huyu."

"Unadhani ni nani?"

"Nipe kwanza nichunguze," nilijibu.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Misungwi. Nilimkuta Malimi nyuma ya nyumba, anamwogesha mke wake mguu katika beseni. Mguu ulikuwa mmoja. Aliponiona hakushtuka. Alimfuta mke wake taratibu, akamfunika kanga, akaja tukakaa kwenye magogo.

"Mwangaluka, Mama Bahati," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nimekuja kuhusu Kisesa."

"Najua. Laini ilikatika?"

"Haikukatika."

Akashusha pumzi. Akaniambia bila kuulizwa zaidi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamemfuata nyumbani kwake, maana wezi wao wa kwanza walikuwa wanapoteza muda kufukua mahali pasipo na kebo. Walitaka mtu anayejua ilipolala. Aliwafukuza mara ya kwanza. Mama Kabula alipotolewa hospitali na dawa za kununua, walirudi, na hakuwafukuza. Alichowaambia ni kwamba benki haiguswi. Kama hawataki kumsubiri aweke njia ya pembeni, wakatafute wenyewe. Walimcheka, lakini walimsubiri.

"Ilikuwa wiki ya malipo ya pamba," alisema. "Ningewakataje?"

"Mzee Ramadhani wamemkamata."

Hilo hakulijua. Alinyanyuka akasimama, akaketi tena. "Ramadhani wa ginneri? Yeye alikuwa upande wa geti, hawezi hata kutuona."

"Nitaandika ripoti, kaka Malimi. Nimekuja usikie kwangu kabla hujasikia kwa askari. Ule msokoto mimi naujua, na nikiulizwa siwezi kusema siujui. Mtu yuko ndani."

"Andika," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini niache nimpeleke Mama Kabula kwa dada yake Magu. Nikitoka huko nitapita kituoni mwenyewe."

Alipita. Ripoti yangu ilifika mezani kwa Meneja wa Kanda asubuhi ambayo Malimi alikuwa ameshajisalimisha. Mzee Ramadhani aliachiwa jioni, akarudi ginneri, wakamwambia nafasi yake ina mtu. Wale wanunuzi walihama mji na sijapata kusikia kwamba walikamatwa.

Mahakamani Malimi alikiri lile tukio moja, akakana yale mawili ya mwanzo, ya msumeno. Kwa hiyo kesi iliunguruma na mimi nikaitwa kutoa ushahidi. Nilisimama kizimbani nikaeleza fremu ni nini, jozi ni nini, msokoto wa kulia na wa kushoto. Hakimu aliandika polepole. Nilieleza kwamba matukio yale mengine yalikuwa ya mtu asiyejua kazi, aliyekata hai na wafu pamoja.

Mwendesha mashtaka aliinuka. "Shahidi, unaweza kuapa mbele ya mahakama hii kwamba mshtakiwa hakushiriki kabisa matukio yale mawili? Hata kuonyesha njia?"

Nilimtazama Malimi. Alikuwa amevaa koti lile alilovaa siku tulipowasha laini. Nilikuwa namwamini. Lakini sikuwa pale.

"Siwezi kuapa," nilisema.

Hakimu alimgeukia. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

"Ninalo, mheshimiwa." Alishika ukingo wa kizimba. "Mama Bahati, yale maungio yalishika?"

"Yalishika, fundi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tulipoyafungua wenyewe."

"Basi. Sina swali jingine."

Watu wachache walicheka nyuma. Karani akawanyamazisha. Mahakama ilimwona hana hatia kwa yale mawili, na ilimtia hatiani kwa lile alilokiri. Kwa sheria ya kuhujumu miundombinu hilo moja lilitosha kumpeleka jela. Hakimu alisema amezingatia kujisalimisha kwake, amezingatia umri, lakini jamii haiwezi kuishi ikiwa waliokabidhiwa mali ya umma wanaifukua. Sikuona kosa katika maneno yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mahakama, na Kabula, binti wa Malimi, mwalimu wa shule ya msingi, alipita mbele yangu akiwa na mfuko wa nguo za baba yake. Hakunisalimia.

Mama Kabula alifia Magu, mume wake akiwa ndani. Nilikwenda kuzika. Nilikuwa nimefikiri kwamba nitafukuzwa, lakini msiba haufukuzi mtu, walinipa chakula kama wengine.

Kebo ya Kisesa hatukuirudisha. Tawi la benki tulilihamishia kwenye mnara, laini ikawa ya redio, na baadaye mkonga ukapita pale pale mtaroni. Wateja wangu wengine walikwisha mmoja mmoja. Laini ya mwisho kabisa ya kukodi kwenye fremu yetu ilikuwa ya ghala la mafuta, na walipohama hawakutuandikia. Tulijua tu kwa kuwa modemu yao ilizimwa na haikuwashwa tena. Vijana wapya walikuja na kompyuta za kupakata, wanarekebisha laini ya mteja wa Geita wakiwa wamekaa Mwanza wanakunywa soda. Wanafanya vizuri. Hawana haja ya kujua rangi za waya. Fremu ilikatwa vipande ikauzwa kwa mnada, na waliobeba walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa risiti, mchana kweupe. Mwaka uliofuata nilistaafu. Walinipa saa ya ukutani na hotuba, na Meneja wa Kanda mpya alikosea jina langu.

Malimi alitoka kifungo kikiwa kimemmaliza. Alikaa Misungwi kwa Kabula, na mimi nilikuwa naenda kumwona ninapoweza. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Sukari iliyomchukua mke wake ilikuwa imemfikia na yeye, na tuliongea huku nikimfunga vifungo vya shati. Hakupenda habari za kazi. Ukimtajia kebo aligeuza maneno kwenye mihogo. Mara moja tu, nikiwa naaga, aliuliza kama wakulima bado wanalipwa pale pale Kisesa. Nikamwambia siku hizi wanalipwa kwenye simu zao, mkononi, hawaendi benki. Alifikiri.

"Hata foleni hakuna?"

"Hakuna."

"Vizuri," alisema, akageukia ukuta.

Amefariki mwaka huu, baada ya mvua za masika. Nilifika mapema kwenye mazishi nikakaa nyuma na akina mama wa jumuiya. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, mwongozaji wa ratiba alifungua karatasi iliyoandikwa na familia. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alibatizwa lini, alioa nani. "Katika uhai wake," akasoma, "marehemu alijishughulisha na kilimo." Kisha akaendelea na ugonjwa wake.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Miaka yote ile, mashimo yote yale, vilikuwa vimepita kama havikuwepo. Alipouliza kama kuna mwenye neno fupi, nilisimama kabla sijajua nitasema nini.

"Mimi nilifanya kazi na marehemu," nilisema. "Alikuwa fundi wa kuunga kebo. Alinifundisha mimi. Laini ya kwanza ya benki ya barabara ya Kisesa, iliyowalipa wakulima wa kule fedha zao za pamba, ni mikono yake. Sikuwahi kurudi kurekebisha kazi yake. Ni hayo tu."

Mzee mmoja alikohoa. Wengi wao walikuwa wanajua ni kebo ipi, na kilichoipata, na sasa wote walikuwa wanakumbuka kwa pamoja, jeneza likiwa mbele yao. Mwongozaji alisema asante mama, akaita kwaya.

Baada ya kuzika, Kabula alinifuata nilikokuwa nanawa mikono. Alikuwa na udongo kwenye sketi. Aliinama kidogo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Ile karatasi tuliiandika wote, nyumba nzima," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Tulibishana usiku kucha. Watoto wangu wanasoma hapa hapa, mama. Wanaitwa wajukuu wa mwizi wa nyaya. Tukasema angalau leo. Azikwe mkulima."

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Nilitaka kumwambia habari za bibi aliyemshika baba yake mkono, na mabega yake, na jinsi alivyoyainua yale maungio juu ya kijiti yasilowe. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayengojea nimalize niende.

"Sikujua," nilisema.

"Najua hukujua," alisema Kabula. Alichukua birika kutoka mkononi mwangu akammiminia maji mwanamke aliyekuwa nyuma yangu.